Ulishindwa Dakika ya Ngapi?

Kijana anayesubiri gari la Songea pale Makambako ana muda mwingi wa kupoteza. Upepo wa mji ule unampiga kutoka kila upande, kofia ya sweta imefunika masikio, na kidole gumba kiko kazini juu ya kioo cha simu. Ghafla anaguna. Mnara wake wa mfalme umeanguka, na mpinzani wake, ambaye huenda yuko Jakarta na huenda yuko Mafinga tu hapo, anamtumia katuni ya mfalme anayecheka. Kijana anatamka neno lisilofaa kuandikwa gazetini, kisha anabonyeza kitufe cha pambano jipya. Hata pumzi haijamshuka.

Gemu lenyewe ni Clash Royale, kazi ya kampuni ya Supercell ya Helsinki, Finland, lililoanza kupatikana duniani kote Machi 2016. Pambano la kawaida ni la dakika tatu. Kila mchezaji analinda minara mitatu, ana kadi nane alizojichagulia, na anatumia eliksa, ule uji wa zambarau unaojaa polepole, pointi moja kwa kila sekunde 2.8, hadi zifike kumi na basi. Kila kadi ina bei yake. Hakuna kupeana zamu kama kwenye drafti. Wote wawili wanacheza kwa wakati mmoja, na saa haimsubiri anayefikiri. Kwa sababu hiyo gemu hili linahesabiwa katika ukoo wa michezo ya mkakati wa papo kwa papo, ukoo wa Dune II ya mwaka 1992, Age of Empires ya 1997 na StarCraft ya 1998. Zamani ukoo huo ulihitaji kompyuta na umeme usiokatika. Siku hizi unahitaji bando.

Sasa tazama jinsi mtu anavyopigwa. Ni sekunde ya arobaini. Eliksa zimejaa kumi, na anaona hasara kuziacha zimwagike bure. Anamtupa Golem, jitu la mawe la eliksa nane, nyuma kabisa ya uwanja wake. Golem anatembea kama lori la mbao linalopanda mlima. Mkononi zimebaki eliksa mbili. Mpinzani, aliyekuwa anangoja hilo tu, anamfungulia mpanda nguruwe wa eliksa nne upande wa pili, na mnara unaliwa nusu kabla mwenyewe hajapata cha kujibu. Tangu hapo kila kadi inatoka kwa kuchelewa, na kila jibu linaziba pengo lililoachwa na jibu la kabla yake. Mnara unaanguka dakika ya tatu. Ukimuuliza alishindwa saa ngapi, atakwambia dakika ya tatu, maana hapo ndipo alipoumia.

Alishindwa sekunde ya arobaini.

Mkulima wa viazi wa Njombe anaijua vizuri hesabu hii, hata kama hajawahi kushika gemu. Bei inamuumiza siku ya kuvuna, magunia yakiwa barabarani na wanunuzi wakijifanya hawaoni. Lakini jambo lenyewe liliamuliwa siku ya kupanda, pale kijiji kizima kilipopanda zao lilelile kwa wakati uleule kwa kuwa msimu uliopita lililipa. Maumivu yana tabia ya kuja kwa kuchelewa, na yakifika yanaonyesha kidole mahali pasipo.

Kuhusu kushindwa, Watanzania wana msemo wao wa tayari: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwenyekiti wa klabu anausema, mgombea aliyeanguka kwenye kura za maoni anausema, mwalimu wa michezo anawasomea watoto wanaotoka uwanjani wakilia. Safu hii haina ugomvi na adabu iliyomo ndani yake. Mtu anayeshindwa bila kurusha ngumi ni mtu wa kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba msemo umegeuzwa blanketi. Ukishatamkwa, mazungumzo yamekwisha, watu wanapeana mikono na kwenda kunywa chai. Aliyekubali ameonekana mstaarabu, na hakuna anayethubutu kumuuliza amekubali nini hasa.

Upande wa pili wapo wasiokubali kabisa. Netiweki ilikata. Yule amenunua kadi kwa hela. Refa alikuwa wao. Uwanja uliloa. Tuseme ukweli, mara nyingine wanasema kweli: netiweki hukata, na Clash Royale humruhusu mwenye fedha kuzipandisha daraja kadi zake haraka kuliko asiye nazo. Lakini sababu ambayo mtu hana uwezo wa kuibadilisha haimfai kitu kesho yake, hata iwe ya kweli kiasi gani. Na ukiwatazama kwa makini, mkubali na mkataa ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wameondoka uwanjani bila kugeuka kutazama nyuma.

Ajabu ni kwamba utamaduni wa kugeuka nyuma haukuwa mgeni kwetu. Nenda kwenye kijiwe chochote chenye ubao wa drafti na visoda. Aliyefungwa anainuka kumpisha mwingine, lakini hainuki kimya kimya. Waliosimama nyuma yake wanamrukia: pale ulipokula ile kete ya pembeni ndipo ulipokwisha, mwenzako alikutega, sisi tuliona. Anabisha. Visoda vinapangwa upya kama vilivyokuwa hatua tano nyuma, na mzee mmoja mwenye koti zito anaonyesha kwa kidole njia iliyokuwepo. Ni darasa la kelele, lenye kejeli nyingi, na halina ada. Simu imemtoa mchezaji kwenye kijiwe hicho. Anapigwa peke yake, ndani ya kofia yake, na hakuna wa kumwambia kuhusu ile kete ya pembeni.

Wachezaji wa StarCraft waliishi hivyo mpaka mwaka 2001, pale kampuni ya Blizzard ilipotoa toleo la marekebisho namba 1.08 lililokuja na marudio. Faili la marudio halikuhifadhi picha. Lilihifadhi amri tu, nani aliagiza nini na wakati gani, na gemu lenyewe likazicheza upya, ndiyo maana faili lilikuwa jepesi. Faida yake kubwa ilikuwa nyingine: mchezaji aliweza kuona pia upande wa pili. Kwenye pambano, ramani ya StarCraft imefunikwa na giza, na huoni kambi ya adui mpaka umpeleke mpelelezi. Kwenye marudio giza linaondoka. Yule aliyedhani amevamiwa ghafla anagundua kwamba jeshi lile lilikuwa likijengwa kwa dakika nne mfululizo, na mpelelezi wake alikufa mapema na hakumtuma mwingine.

Wenye kuujua mchezo huo hawayatazami marudio kama sinema. Hawana haja na vita kubwa ya mwisho. Wanatafuta vitu vya kuchosha: dakika gani niliacha kutengeneza wafanyakazi wa kuchimba madini, lini madini yalirundikana ghalani bila kazi, lini nilisahau kujenga mabanda na jeshi likashindwa kuongezeka. Wachezaji wengi hupigwa ghalani kabla ya kupigwa vitani.

Mfano mzuri zaidi unatoka kwenye pambano la mtu na mashine. Desemba 2018, kampuni ya DeepMind ya London ilimwalika Grzegorz Komincz wa Poland, anayejulikana kwa jina la MaNa, acheze StarCraft II dhidi ya programu yake ya AlphaStar. Alipigwa 5-0. Kabla yake Mjerumani Dario Wünsch, yaani TLO, naye alikuwa amepigwa 5-0. Tarehe 24 Januari 2019 matokeo hayo yakatangazwa hadharani, na MaNa akarudi kucheza pambano moja zaidi, safari hii moja kwa moja mbele ya watazamaji. Akashinda.

Hakushinda kwa kuongeza kasi ya vidole. Katikati ya mchezo alituma chombo cha kubebea askari nyuma ya kambi ya mashine, kikashusha askari wawili wazito. Mashine ikageuza jeshi lake lote kurudi nyumbani kuwafukuza. Chombo kikawapakia, kikaondoka. Jeshi likatoka tena. Chombo kikarudi. Jeshi likageuka tena. Mashine iliyokuwa haijashindwa na mtu hata mara moja ikawa inakwenda na kurudi kama mbuzi aliyefungwa kamba, na MaNa akautumia muda huo kujenga jeshi la kuimaliza. Haki itendeke: programu aliyoishinda haikuwa ileile ya Desemba. Hii ilikuwa mpya, na ililazimishwa kutazama uwanja kipande kwa kipande kama binadamu. Hata hivyo mtu aliyekuwa amekwisha kupigwa mara tano alikuja akiwa anauliza swali tofauti na la mara ya kwanza. Aliacha kuuliza namna ya kushinda vita kubwa, akatafuta kitu ambacho mashine haijui kukijibu.

Wenye mashine nao walijua dawa hiyo. Oktoba 2019 waliandika katika jarida la Nature kwamba ndani ya mafunzo ya AlphaStar waliweka wachezaji wa kompyuta wenye kazi moja tu: kumtafutia mchezaji mkuu udhaifu na kumpiga hapohapo. Hawakuhitajika kuwa bora dhidi ya kila mtu. Waliajiriwa, kama neno hilo linafaa kwa mashine, ili bingwa afungwe kila siku mahali palipo pabovu. Ni timu ngapi za Ligi Kuu zinaomba mechi ya kirafiki na mtu anayejua kuwafunga?

Kwa wakazi wa Njombe na Makambako hakuna haja ya kwenda mpaka London kutafuta mfano. Uko jirani, katika mkoa uliokuwa mmoja nao mpaka mwaka 2012. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa wa leo, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuvizia msafara wa jeshi la Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wazungu wengine na askari takriban 250. Ni kimojawapo cha vipigo vikubwa kabisa walivyopata Wajerumani katika Afrika Mashariki, na kila mtoto wa shule ya msingi nchini amekisikia.

Yaliyofuata husimuliwa kwa haraka zaidi, wakati ndiyo yenye somo. Aliyeshindwa Lugalo alijifunza. Wajerumani walichukua miaka mitatu, na waliporudi hawakuja tena kwa msururu mrefu wa watu wanaotembea porini bila habari. Walikuja na jeshi kubwa zaidi na mizinga, wakaipiga ngome ya Mkwawa ya Kalenga kwa mbali kabla ya kuivamia. Kalenga ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alikuwa ameuamini ukuta wa mawe, na ushindi wa Lugalo haukumpa sababu yoyote ya kuutilia shaka. Mchezaji yeyote wa Age of Empires anaijua hali hiyo: unajizungushia ukuta, unalala usingizi mzuri, kisha unasikia mizinga.

Lakini ukiishia Kalenga utakuwa umemdhulumu Mkwawa. Alitoroka ngome ikianguka, na tangu siku hiyo hakujifungia tena nyuma ya ukuta. Alihama hama porini na milimani, watu wakimficha na kumlisha, akiwashambulia Wajerumani na kupotea. Iliwachukua karibu miaka minne kumfikia, na walipomfikia, tarehe 19 Julai 1898, walimkuta amekwisha kujipiga risasi. Ushindi haukuwa umemfundisha kuhusu ukuta. Kipigo kilimfundisha kwa siku moja, na somo hilo alilitumia mpaka mwisho wa uhai wake. Masimulizi ya shuleni yanapenda Lugalo kwa sababu ni raha. Kwa anayetaka kujua namna mtu anavyosoma kutokana na kipigo, miaka minne ya baada ya Kalenga ina mengi zaidi.

Na sasa mpira, maana huwezi kuandika kuhusu kushindwa Njombe ukaukwepa Uwanja wa Sabasaba. Njombe Mji FC ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017/18, ikiongozana na Lipuli ya Iringa na Singida United. Mji wa baridi, viazi na miwati ukawa na timu ya kuwaita Simba na Yanga nyumbani. Septemba 2017 Yanga wakapanda mlima, wakaondoka na ushindi wa bao 1-0, mfungaji Ibrahim Ajibu. Aprili 2018 Simba nao wakaja, wakaondoka na 2-0, yote mawili ya John Bocco. Msimu ulipofungwa, Njombe Mji ikashuka daraja pamoja na Majimaji ya Songea, na barabara ya kutoka Makambako kwenda Songea ikawa haina timu ya Ligi Kuu hata moja.

Mashabiki wanapoikumbuka ile safari, wanarudi kwenye siku hizo mbili. Ni haki yao, Sabasaba ilifurika. Ila Njombe Mji haikushuka kwa sababu ya Ajibu wala Bocco. Karibu kila timu ndogo hufungwa na Simba na Yanga, hata zile zinazomaliza ligi zikiwa salama. Ligi ile ilikuwa na timu 16, kwa hiyo kila timu ilicheza mechi 30, na nne tu kati ya hizo zilikuwa dhidi ya wakubwa hao wawili. Hatima ya timu ya chini hukatwa kwenye mechi 26 zilizobaki: Jumamosi ya mvua na uwanja nusu mtupu, dhidi ya timu inayolingana nawe, pale sare iliposhangiliwa kana kwamba ni ushindi. Hizo ndizo sekunde za arobaini za msimu, na hakuna anayezikumbuka.

Mechi 30 ni saa 45 za mpira. Azam TV ilikuwa ikionyesha ligi hiyo, hivyo sehemu kubwa ya picha ilikuwepo. Mtu mmoja mwenye daftari angeweza kuupitia msimu ndani ya wiki moja ya kazi na kuandika mambo mawili tu kwa kila bao lililofungwa: mpira ulipotelea wapi, na nani alikuwa wapi sekunde ishirini kabla. Kurasa kama hizo zingefaa kuliko kuvunja benchi zima la ufundi. Klabu nyingi za mikoani, na hapa haisemwi ya Njombe peke yake, zikishuka hubadilisha kocha, hubadilisha mwenyekiti, na wakati mwingine hubadilisha jina. Kipigo kinaachwa hakina mwenyewe, na timu itakayopanda baada ya miaka kumi inaanza ukurasa wa kwanza.

Njombe Mji haikuwa peke yake katika hili. Lipuli ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa 1-0 na Azam kule Lindi. Singida United ilifika fainali hiyohiyo mwaka mmoja kabla, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar jijini Arusha. Kufikia mwisho wa msimu wa 2019/20 zote mbili zilikuwa zimeshuka. Timu tatu zilizopanda pamoja mwaka 2017 zikawa nje ya Ligi Kuu ndani ya misimu mitatu.

Yupo pia mcheza mikeka, ambaye huenda ndiye mpotezaji mwenye kumbukumbu nzuri kuliko wote na elimu ndogo kuliko wote. Atakutajia timu iliyochana mkeka wake wa juzi, dakika ya bao, jina la beki aliyeteleza. Muulize ameweka kiasi gani tangu Januari na amerudishiwa kiasi gani. Atacheka, atabadilisha mada. Anajua kipigo kimoja kimoja kwa undani wa kutisha, na hataki kuviona vikiwa vimepangwa kwenye ukurasa mmoja.

Kwa hiyo hoja ya safu hii si kwamba watoto wacheze gemu zaidi, na wazazi wa Makambako wasije wakalikata gazeti na kulitupa jikoni. Hoja ni kwamba gemu la simu lina kitu kimoja ambacho Njombe Mji, mkulima wa viazi na mcheza mikeka wote wanakihitaji na hawana: mapambano ya karibuni yamehifadhiwa, na yanaweza kufunguliwa kwa kidole. Vilabu vya mkoa huu vina vijana wanaojua kurekodi kwa simu na kuhesabu. Wapeni daftari na kiti kando ya uwanja msimu ujao, hata kama ligi ni ya mkoa, hata kama mpira unachezewa kwenye vumbi.

Na wewe kijana wa stendi, gari lenyewe bado halijafika. Kabla ya kutafuta pambano jipya, fungua orodha ya mapambano yaliyopita. La juu kabisa ndilo hilo lililokutia hasira. Libonyeze, usiruke mpaka mnara unapoanguka. Anza sekunde ya kwanza, na macho yako yasitazame askari, yatazame eliksa zako na za mwenzako, kwa sababu kwenye marudio zote mbili zinaonekana.